Upande wa Pili wa Santuri

Wiki iliyopita nilikuwa Makambako kwa dada mmoja fundi simu, nasubiri abadilishe kioo, mara spika yake ikaanza kutoa kinanda. Nikasimama wima. Yule dada akanishangaa. Angejuaje kwamba nimekulia Njombe kwa bibi mzaa mama, na kwa bibi kinanda kikilia mtu hakai?

Kinanda chenyewe, rafiki yangu, kilikuwa cha rege, ile ya mwanzo kabisa. Santuri aliileta mjomba, aliyefanya kazi reli hapo hapo Makambako. Upande wa kwanza ulikuwa kinanda kitupu, na bibi, Mlutheri wa kufa na kupona, akaamini ni cha kanisani. Alisimama, akainamisha kichwa, nasi tukasimama na maharage tuliyokuwa tunachambua. Upande wa pili mwanamume aliimba mapenzi kwa Kiingereza. Huo mjomba hakuugusa mbele ya bibi. Gitaa lake bibi alishalifanya kuni, likaivisha kande jikoni, na aliapa kwamba kitu kingine cha dansi kikiingia nyumbani kitalifuata motoni.

Jumapili moja bibi akamwita mwinjilisti aje asikie, labda kwaya ingejifunza. Tukasimama wote, ukungu mlangoni, viazi vinatokota motoni. Upande ulipoisha mwinjilisti akasema, "Geuza, tusikie na huko."

Mjomba akadai sindano imechoka.

"Geuza, baba," bibi akamwambia.

Akageuza. Nilimwogopea.

Sauti ilitoka kama ya mtu anayelia. Bibi akainua kichwa. "Anasema nini huyu?"

Mwinjilisti alikijua Kiingereza. Alimtazama mjomba, akautazama moto. "Anamlilia mke wake aliyeondoka, mama. Anasema mlango hajaufunga."

Babu alikwenda Tanga kukata mkonge mama yangu akiwa bado anatambaa, asirudi. Bibi hakuwahi kumtaja mbele yetu. Mjomba alishaanza kunyanyua sindano.

"Mwache amalize," bibi akasema, akakaa kwenye kigoda. Sikuwahi kumwona akikaa kinanda kikilia.

Sasa bibi hayupo, mjomba hayupo, santuri ilivunjika tulipohama. Nawakumbuka mno. Pale kwa fundi, kinanda kilipoisha na yule mwanamume wa upande wa pili akaanza kuimba, dada akanyoosha mkono azime ili tusikilizane.

"Mwache amalize, dada," nikamwambia, nikakaa.