Mama wa Taulo

Asubuhi ile Spéciose alikunywa chai ya tangawizi akiwa amesimama mlangoni, kama kawaida yake, akiilaumu sufuria kwa harufu ya moshi. Aloys, mume wake, alikuwa bado kitandani.

"Mutama, mzee wangu, utalala mpaka jua likukute?"

"Limeshanikuta. Limeona sina kazi, likapita."

Spéciose akacheka, akajifunga kikwembe, akashika njia. Kutoka Jabe, mtaani kwao, alienda kazini kwa miguu, maana esansi ilikuwa haipatikani na mabasi yamelala. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo ilikuwa bado imejifunika ukungu. Aloys alisikia kandambili zikipiga lami mpaka zikaisha. Jioni akaitwa hospitali. Tansiyo, walimwambia, damu ilimpanda mke wake kichwani. Basi.

Nguo za marehemu bado zinanuka dawa ya maji ya pisini, bwawa la kuogelea alikofanya kazi. Aloys hazifui. Akijifunika moja usoni, buluu inakuja: kwanza ile ya chini, ya vigae alivyovipanga kwa mikono yake mwenyewe, halafu ya maji, ikitetemeka juu darini kama kitu kinachopumua. Humo ndani anamwona mke wake akipita na ufagio mrefu. Hana haraka.

Pisini ile ilijengwa kwa ajili ya michezo ya mataifa. Aloys alikuwa fundi wa vigae. Kazi ilipoisha, akamwombea mke wake kibarua: kufuta sakafu na kuwapa waogeleaji taulo. Cha siku za michezo tu. Lakini shefu, mkubwa wa pale, Sylvère, alisema wageni wakiondoka atabakiza mwanamke mmoja, na Spéciose alitaka huyo mmoja awe yeye. Alikuwa amechoka kuuza lengalenga sokoni, kukaa kwenye vumbi. Alitaka kuzeeka karibu na maji masafi.

Ila maji aliyaogopa. Kwao ni mlimani, Mwaro. Huko maji ni ya kuchotwa, si ya kuingia. Kila asubuhi, kabla waogeleaji hawajafika, aliyachota kidogo kwa kiganja akayamwaga chini, kama wanavyomwagia wazee waliokufa pombe kabla ya kunywa.

"Mama Nella, unawanywesha wazee dawa?" Aloys alimtania, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Wacha wasafishwe. Wako ndio wanaihitaji zaidi."

Siku ya mwisho ya michezo watu walijaa. Mafundi walisimama kwenye uzio, Aloys kati yao. Wasichana waliogelea, makelele yakapanda, shindano likaisha, wakatoka mmoja mmoja. Akabaki msichana wa nchi ya mbali, katikati, uso ndani ya maji, mikono ameitandaza, hatikisiki. Alikuwa anapumzika. Waogeleaji ndivyo wanavyopumzika, lakini nani alimwambia Spéciose? Kwao mtu akilala hivyo juu ya maji, wanaitwa ndugu zake.

Aloys alimwona akiziweka taulo chini, polepole, zisikunjuke. Halafu akaruka.

Kikwembe kikavimba, kikatanda. Aloys alimwona akishuka, akishuka kuelekea vile vigae, macho wazi, mkono mmoja ukimtafuta msichana. Ilichukua muda mrefu, au yeye aliona hivyo. Hata leo akifumba macho, Spéciose bado anashuka.

Msichana ndiye aliyemtoa. Alimshika kiunoni, akampandisha mpaka ukingoni, na hapo watu wakapasuka kwa kicheko.

"Mumupe mama medali!" mmoja akapiga kelele. "Ya dhahabu!"

Sylvère hakucheka. Wakubwa walikuwa wameona, kamera nazo. Akamwita ofisini. Aloys akafuata na taulo mkononi. Maji yalimtiririka mke wake mpaka sakafuni.

"Mama Nella, kazi unaitaka?"

"Naitaka, shefu. Sana."

"Sasa ahidi hapa, mbele ya bwana yako. Mutu akilala juu ya maji, we unamuacha. Kuna wenye kazi yao. Sema ndiyo tu, kesho unaanza."

Aloys akamkanyaga mguu kidogo, aseme. Neno lenyewe moja tu.

Spéciose akakohoa maji, akajipangusa uso kwa kiganja. Hakuwa na hasira. Alimtazama shefu kama anavyomtazama mtu aliyemuuliza njia.

Kazi alipewa, akaishika mpaka kifo chake. Kwa nini alipewa, Sylvère hakusema. Lakini jibu la Spéciose, Aloys analo neno kwa neno:

"Shefu, nifundishe kwanza kumujua mutu anayepumzika na mutu anayekufa. Siku nitawajua, nitaacha. Mpaka hapo, apana, mi nitaruka."