Nilimshusha Cheo Meja kwa Uzi wa Dhahabu

Nilikosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nimezoea kulisikia kwa wengine. Nilikuwa mzee wa kanisa. Watu waliniletea makosa yao, nami niliwaombea. Leo zamu ni yangu, na ninyi mnaosoma ndio mtakaonisikiliza.

Jina langu lisiandikwe. Siogopi aibu, maana nimekwisha kuionja. Ni kwa ajili ya mzee wa watu niliyemkosea, asije akarudi tena midomoni mwa watu. Hata majina nitakayoyataja humu nimeyabadili.

Mimi ni Mrundi. Ushonaji nilijifunza kambini, Kigoma, na ndio ulionilisha nilipoletwa huku Sydney. Nafanya kazi Liverpool, karibu na stesheni, katika duka dogo la kurekebisha nguo na kupiga pasi. Mwenye duka ni mama wa Kivietinamu, ninayemwita Mama Thu. Alinipokea nikiwa sijui Kiingereza zaidi ya salamu. Mungu ambariki.

Katika wateja wake yupo Mzee Bao. Alikuwa askari wa jeshi la kusini mwa Vietinamu, lile lililoshindwa. Alifungwa miaka kadhaa, kisha akatoroka na mkewe kwa mashua. Huku anaishi Cabramatta, vituo viwili tu kutoka kwetu. Mkewe alikuwa amekwisha kufa.

Nilipokuwa mgeni, mzee huyu alikuwa akikaa kwenye stuli ya wateja na kunisaidia kujaza fomu za kumleta mama yangu kutoka kambini. Alifanya hivyo miezi kadhaa, sentensi kwa sentensi, kamusi mkononi! Mama alifika, akaishi nasi miaka miwili, akazikwa na wanawe. Baada ya Mungu, namshukuru Mzee Bao.

Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Ilikuwa Aprili, miaka ya elfu mbili na kitu. Kila Aprili askari wa zamani huandamana mjini, na Wavietinamu wa kusini huandamana nao. Mzee Bao alileta koti lake la kijeshi. Koti lenyewe lilishonwa huku, lakini kwenye kola, kulia na kushoto, palikuwa na vipande viwili vya kitambaa kikuukuu, kila kimoja kimetariziwa ua moja la petali tano kwa uzi wa fedha.

"Mtu wa Mungu," akaniambia, kwani ndivyo alivyoniita, tukisemezana kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, "nipigie pasi vizuri. Lakini wanga kidogo! Mwaka jana ulinikausha hata nikashindwa kukaa kwenye treni."

"Askari gani anakaa, mzee wangu?"

"Askari mwenye magoti ya miaka sabini na mbili!"

Tukacheka. Akaniambia nije mjini nimwone akiandamana. Mwaka huo angetangulia mbele ya wenzake, akibeba shada la maua la kuwakumbuka waliokufa. Nikaahidi.

Juma hilo Mama Thu alikuwa Melbourne kwa dada yake, na duka nilikuwa nalo mimi. Kila fundi anajua kwamba tarizi ya uzi wa fedha au dhahabu haipigwi pasi moja kwa moja. Unaweka kitambaa kibichi juu yake. Nilijua! Lakini nilikuwa nimeshika pasi miaka thelathini, nikajiambia mkono wangu ni mwepesi. Nikaipitisha mara moja tu.

Ua la kushoto likawa jeusi.

Nikasugua kwa siki, nikasugua kwa brashi, na nyuzi zikazidi kukatika. Jambo la kufanya lilikuwa moja, na simu ilikuwa ukutani. Kumpigia na kusema, "Mzee wangu, nimeunguza." Maneno matatu!

Sikupiga. Ndugu zangu, kiburi cha mcha Mungu ni kibaya kuliko cha mlevi. Mlevi hujua ameanguka. Mimi nilijiuliza tu, mtu wa Mungu ataonekanaje?

Nyumbani nilikuwa na uzi wa dhahabu, masalio ya kitambaa cha mimbari nilichokuwa nimekitarizi. Nikawaza: dhahabu si bora kuliko fedha? Katika mafundisho yote niliyoyapata tangu utoto, vyombo vya dhahabu ndivyo vilivyokaa karibu na mahali patakatifu, vya fedha vikabaki mbali. Nikajiambia kwamba simharibii mzee, namheshimu. Nimempandisha!

Mke wangu alinikuta mezani na koti lile, jua la alasiri likiingia dirishani.

"Baba Neema, uzi wa mimbari unafanya nini kwenye koti la vita?"

Nikamweleza. Akaketi.

"Mwambie."

"Atapenda, mama. Yanang'aa zaidi."

"Kama atapenda, mbona unaogopa kumwambia?"

Nikafumua nyuzi za fedha, za lile bovu na za lile zima pia ili yafanane, moja baada ya moja, nikazitupa. Halafu nikatarizi maua mawili ya dhahabu juu ya matundu yale yale. Kazi ilikuwa safi, na hilo ndilo linaloniuma.

Mzee Bao alipokuja kuchukua koti, macho yake yalikuwa na ukungu. Alikuwa akingoja upasuaji wa mtoto wa jicho. Hakuona rangi. Akapitisha kidole gumba juu ya ua, polepole.

"Umeyasafisha," akasema. "Unajua nani aliyeyashona haya? Mke wangu. Nilipandishwa kuwa meja majuma machache kabla nchi yetu haijaanguka. Hapakuwa na sherehe wala duka la kununua alama. Akayashona usiku mmoja. Nilipofungwa, akayaficha ndani ya upindo wa gauni lake, akavuka nayo bahari."

Nikavuta nailoni ya kufunikia koti.

"Wako wenzangu wanaosema sikuwa meja kamwe," akaendelea. "Barua zangu za cheo zilichomwa. Maua haya ndiyo barua zangu."

Aliyataja kana kwamba ni watu! Nami nimesimama mbele yake, na nyuzi za marehemu mkewe ziko kwenye pipa la taka, nikasema nini? Nikasema, "Mungu ni mwema, mzee wangu." Nikafunika koti kwa nailoni na kumpa.

Siku ya maandamano nilitaka kubaki nyumbani, lakini nilikuwa nimeahidi. Mama Thu alikuwa amerudi, tukapanda treni pamoja hadi mjini. Marehemu baba yake naye alikuwa askari wa jeshi hilo. Tukafika kwenye mtaa mdogo wa pembeni walikokuwa wakijipanga wazee wale, wamenyoosha migongo, bendera yao ya manjano yenye mistari mitatu myekundu ikipepea mbele.

Mzee Bao alikuwa umbali wa hatua kama kumi kutoka kwetu. Akatutambua kwa sauti, akatabasamu. Akaitoa nailoni, akavaa koti, akafunga vifungo kwa kupapasa.

Mama Thu akanishika mkono kwa nguvu.

"Nani ameshona dhahabu?"

"Kwani vipi?" nikauliza. "Dhahabu si kubwa kuliko fedha?"

"Katika jeshi letu? Hapana! Dhahabu ni za maafisa wadogo. Ua moja la dhahabu ni luteni usu, maua matatu ni kapteni. Fedha ndiyo inaanza kwa meja, na kupanda hadi kanali. Ua moja la fedha, meja. Ua moja la dhahabu, kijana aliyetoka chuoni jana!" Akanitazama usoni. "Ni wewe?"

Jamani! Mara ngapi nimewafundisha vijana habari za mtu aliyemkana Bwana wake penye moto? Nikasema:

"Sijui. Mimi nilipiga pasi tu."

Nilisema kwa sauti. Mzee Bao aligeuka. Alikuwa amesikia.

Kabla hajafungua kinywa, mwenzake mmoja akamkaribia, Mzee Khanh, aliyekuwa kapteni. Huyo ndiye aliyekuwa akisema miaka yote kwamba Bao si meja. Akainama kwenye kola, akatazama, akaanza kucheka. Akawaita wengine. Mama Thu alinitafsiria kwa kunong'ona, na kila neno lilikuwa sindano.

"Njooni mwone! Miaka yote tunabishana, leo amekiri mwenyewe! Luteni usu mwenye mvi!"

Mmoja akamwambia Khanh aache, si mahali pake. Mwingine akauliza, "Bao, ni nini hiki?" Wakamzunguka. Ngoma ilikwisha kuanza kulia barabara kubwa, na foleni ya mbele yetu ikaanza kutembea. Yule aliyeshika shada la maua akasita, hajui ampe nani.

Mzee Bao akavua koti. Akaileta kola karibu kabisa na macho, puani, akatazama ua la kushoto, akatazama la kulia. Muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

Angeweza kuninyooshea kidole! Angesema tu, "Fundi yule pale," na yote yangekwisha. Hakusema. Baadaye ndipo nilipojua sababu: Mama Thu alikuwa amesimama karibu yangu, na Mzee Bao aliogopa nitafukuzwa kazi.

Nami nilikuwa hatua kumi. Hatua kumi na sentensi moja! Nilibaki pale pale.

Akalikunja koti vizuri, mikono ndani, kama wanavyokunja askari. Akalishika chini ya kwapa, akaondoka kuelekea stesheni akiwa na shati tu. Khanh akachukua shada la maua. Wakaandamana.

Siku sita sikula vizuri. Kanisani nilisimama kuombea watu, maneno yakagoma. Siku ya saba nikamwambia Mama Thu kila kitu. Hakunifukuza. Alifunga duka katikati ya mchana, akanipeleka Cabramatta yeye mwenyewe.

Mzee Bao alitufungulia, akatupa chai. Nikapiga magoti kwenye zulia lake, nikaungama.

"Inuka," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, kwenye treni. Wewe hukujua maana ya rangi. Lakini nyuzi zake ziko wapi?"

"Nilizitupa."

Akafumba macho. Hakulia. Heri angenipiga!

Nikamwomba ruhusa niende kwenye ukumbi wa chama chao, niseme ukweli mbele ya wote. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayetaka kuzuia mvua. "Nenda," akasema.

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, na suti yangu, na Biblia mkononi. Mama Thu alitafsiri. Wazee walikuwa kama ishirini. Nikasema nilivyounguza, nilivyofumua, nilivyoshona dhahabu kwa kudhani ni heshima. Nikasema ua lilikuwa la fedha, nililiona kwa macho yangu haya, na nikaapa mbele za Mungu.

Mzee Khanh akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza kwa Kiingereza, nisikie bila mkalimani:

"Ni kweli Bao alikusaidia kumleta mama yako?"

"Kweli."

"Basi unalipa fadhila. Hata mimi ningefanya hivyo."

"Silipi fadhila! Nasema kweli!"

"Mtu wa Mungu, ulikuwapo siku ile. Nilikuona. Mama huyu alikuuliza, ukasema hujui. Leo unajua. Siku ile ulikuwa unasema uongo, au leo?"

Nikatafuta jibu. Halikuja, kwa sababu halipo.

Nikatoka. Mwaka uliofuata shada la maua lilibebwa na Khanh, na mwaka wa baada yake pia. Mzee Bao hakuandamana tena. Bado huleta suruali zake dukani, bado ananitania habari za wanga. Siku moja nilimwuliza kama kweli amenisamehe. Akasema, "Kabisa. Lakini msamaha wangu haunirudishii cheo changu."

Kanisani niliomba nipumzishwe uzee wa kanisa. Waliniuliza sababu, nikawaambia yote, wakanitaka nibaki. Nilikataa. Mungu amenivumilia, namshukuru kila asubuhi. Ila sikuona ni haki mimi nikae mbele, ilhali mtu mwingine amekosa nafasi ya mbele kwa ajili yangu.

Enyi mafundi, enyi wazee wenzangu, na wewe unayesoma huku umeficha kitu cha mtu: usijidanganye kwamba utatengeneza kwanza ndipo useme. Usijipe kazi ya kujua heshima ya mtu usiyejua desturi zake, mwulize. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati bado unaonekana mzembe tu. Mzembe huaminiwa. Mimi nilingoja zaidi ya siku saba ili nionekane mwema, na kweli yangu ilipofika haikumfaa hata mtu mmoja.