Vidole Vilivyojua Joto

Nilimvunja kaka yangu vidole kwa spana, mchana kweupe, ndani ya kibanda chake cha kutengeneza mota pale Ogembo. Ningependa kusema ilikuwa bahati mbaya. Nilikusudia.

Nilikuwa nimetoka chuo na laptopu na kiburi. Mama mmoja wa Kenyenya alituletea mota ya kinu chake cha kusaga mahindi, imeungua. Kaka akaichoma kwenye moto wa kuni ili waya za zamani zilegee zitoke, kama mafundi wa huku wanavyofanya siku zote. Mimi nikapima chuma, nikaingiza vipimo kwenye programu, nikakadiria nguvu zote zitakazopotea bure: kwenye waya, kwenye chuma, kwenye msuguano. Kompyuta ikasema mota haitapata joto la kutisha. Tukasuka waya mpya kwa hesabu yangu.

Siku ya kuijaribu, kaka aliweka vidole juu ya mota. Ndivyo alivyopima kila kazi, na vidole hivyo ndivyo vilivyonisomesha.

"Zima. Hii chuma imechomwa mara tatu," alisema. "Ile vanishi ya kuzuia stima katikati ya mabati ya hiyo chuma ilishaisha, sasa stima inazunguka ndani ya chuma yenyewe. Kompyuta yako inajua hiyo?"

Haikujua. Mimi ndiye niliyeiambia kwamba chuma ni kipya. Lakini yule mama alikuwa amesimama pale, na mafundi wa jirani walishaanza kucheka. Damu ilinichemka. Kaka aliponyoosha mkono kuzima swichi, niliuponda kwa spana kwenye ukingo wa meza. Nilisikia mfupa. Akanirukia, akanigongesha kichwa ukutani mara mbili, nami nikamng'ata bega hadi nikaonja damu. Tulikuwa bado tunagaragara chini mota ilipoanza kutoa moshi.

Vidole vilipona vikiwa vimepinda. Baadaye nilikiandika kile chuma kwenye programu kuwa kimechomwa, na mota ikaungua kwenye skrini vilevile. Nilimpelekea kaka karatasi yenye majibu hayo. Hakuitazama, na aibu ile ninayo hadi leo.

Siku hizi, kabla sijapiga hesabu, namwomba aguse mota kwanza. Mkono wa kulia, ule niliouponda, hauhisi kitu tena, kwa hiyo anaweka wa kushoto, anasubiri, kisha anautoa.

"Hii mkono haijajua bado," ananiambia. "Uliza kompyuta."