Chakula Dawa cha Mtoto Mmoja

Kijijini kwetu, upande wa Nduruma, watu huniita mama wa utepe. Nilichaguliwa kwenye mkutano wa kijiji kuwa mhudumu wa afya, nikapewa mafunzo ya siku chache, begi la mgongoni na utepe wa kupimia mikono ya watoto ambao hawajatimiza miaka mitano. Ukisoma kijani, mtoto yuko salama. Njano ni tahadhari. Nyekundu ni utapiamlo mkali, na mtoto hupelekwa zahanati kupewa chakula dawa, pakiti za mchanganyiko laini wa karanga na maziwa ambao mtoto hulamba hivyo hivyo bila kupikwa.

Nyekundu yangu ya kwanza niliikuta kwenye nyumba iliyo jirani na mfereji unaoshusha maji ya mlimani hadi mashamba ya nyanya. Mama wa pale alikuwa kibarua kwenye mashamba hayo. Mumewe alikuwa ameondoka na ng'ombe wa watu kutafuta malisho, na tangu aondoke hakuwa amepiga simu. Mvulana wao alikuwa na miaka miwili hivi, hajaanza kutembea. Dada yake, wa miaka sita, alinijia akainamisha kichwa nimguse, kama watoto wa Kiarusha wanavyowasalimia wakubwa. Nilimgusa. Nywele zake zilikuwa laini mno, zimepauka. Niliona, nikapita. Umri wake ulikuwa nje ya utepe wangu.

Mvulana akaanza kupewa pakiti kila wiki. Wiki ya tatu nesi wa zahanati akaniambia uzito haupandi kabisa, niende nikaangalie kuna nini nyumbani. Nilikwenda bila kutoa taarifa. Nilimkuta mama amechana pakiti, nusu anamlisha mvulana, na binti amechuchumaa pembeni na kijiko akisubiri nusu yake.

Nilikasirika. Nilikuwa nimefundishwa hilo hasa, na nilijivuna kwamba nimelikumbuka.

"Yeyo," nilimwambia, maana ndivyo tunavyowaita akina mama kwetu, "hii ni dawa, si chakula. Ni ya mtoto mmoja. Ukiigawa, hatapona hata mmoja."

Aliniuliza huyu mkubwa ale nini. Nikamjibu kwamba mkubwa yuko darasa la kwanza na shuleni kuna uji. Alinieleza taratibu kwamba uji ni wa watoto ambao wazazi wao wamepeleka mahindi, na yeye mahindi yake yalikauka shambani. Nikamwambia nitaongea na mwalimu. Niliongea naye kweli. Mwalimu alisikitika, akasema hata sasa sufuria haiwatoshi waliochangia, akimwongeza mmoja watakuja ishirini. Sikurudi tena kwake.

Yule mama alinitii. Jirani alinisimulia kwamba kila wakati wa pakiti binti alitumwa mferejini kuchota maji, hata kama ndoo imejaa, ili asione mdogo wake akila. Mvulana akafika njano, kisha kijani. Akaanza kutembea akishika ukuta. Kwenye kikao cha lishe cha kata nilisimamishwa nieleze nilivyofanikiwa, na watu wakanipigia makofi.

Mwezi uliofuata mama alinijia nyumbani asubuhi, amembeba binti mgongoni, mvulana amemwacha kwa jirani. Mtoto wa miaka sita habebwi mgongoni bila sababu. Alisema miguu imemvimba viatu havimwingii, na ameacha kulia. Nilimbonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, na kishimo kikabaki pale pale. Nikajua ni utapiamlo mkali. Zahanati wakaandika rufaa, tukapanda bodaboda wote watatu, tukampeleka hospitali ya mjini.

Walimpokea vizuri, siwezi kusema vingine. Daktari alituambia tumechelewa kumleta, na tayari homa ya mapafu imeingia. Tulikaa naye zamu kwa zamu. Siku ya pili alipata nguvu kidogo, akaomba maji, akaniuliza kama mdogo wake amekula. Nilimwambia ndiyo. Siku ya tatu mchana, mama yake akiwa nje anafua kanga, akaniishia mikononi.

Nilitoka kumwambia. Alikamua kanga hadi mwisho, akaianika kwenye uzio, akainyoosha pembe. Kisha akaniangalia.

"Nilifanya ulivyosema," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kujitetea.

Tulimzika nyuma ya nyumba yao. Mkuu wangu wa kazi aliniambia nisijilaumu, utaratibu niliufuata sawasawa, na ni kweli niliufuata. Niliomba kwamba angalau watoto wa madarasa ya chini wapewe uji wote bila kuangalia aliyechanga. Nikaambiwa wazo limepokelewa.

Bado napima. Wiki chache zilizopita niliingia kwa mama mwingine nikamkuta anagawa pakiti kwa watoto watatu. Alishtuka, akaificha chini ya kanga. Nikamsalimia, nikauliza habari za mvua, nikaondoka. Yule mdogo bado ni nyekundu. Jana nesi aliniuliza kuna nini nyumbani kwao, nikamwambia sijaona kitu.