Bweni la Nyuma ya Mitopetope

Mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho, harufu yake huingia kila mahali: kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye maji ya mtungi. Ni harufu tamu yenye ukali ndani yake, na ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Mtwara, msimu ule chuo cha ualimu kilipotufikia mlangoni. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Chuo kilianza na majengo mawili ya bati upande wa pili wa barabara, nasi tukakifurahia kama watu waliopata mkwe tajiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo wageni wa bara waliionja kwa kukunja uso kisha wakaishia kuidai, akawauzia wanachuo. Baba, mkulima wa korosho aliyependa kunyoosha shati kuliko kupalilia, alijifunza kusema "gudi moning", akawa anaisema mchana kutwa.

Mwaka uliotangulia, mama alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo akafa kabla hajatolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza. Kwetu, kichanga wa namna hiyo hakuzikwa na wanaume. Bibi mzaa mama pamoja na wanawake wawili wa jirani walimfunga katika kipande cha kanga ya mama, wakampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mitopetope. Mimi nilibeba kata ya maji, kwa kuwa nilikuwa wa kike. Halikuwekwa jiwe, wala hapakuwa na matanga. Baba aliambiwa tu kwamba mtoto amerudi, naye hakuuliza amelazwa wapi, maana mwanamume hakuuliza na mwanamke hakusema. Iliaminiwa kwamba akisema, tumbo lake litafunga. Asubuhi mama alizoea kwenda pale kana kwamba anatafuta kuni. Alisimama kidogo, kisha akarudi mikono mitupu.

Chuo kikataka bweni la wasichana upande wetu wa barabara, nyuma ya nyumba yetu. Wapimaji walikuja na vigingi vyao, mkutano ukaitwa, na ofisa mmoja akatuambia kwa upole kwamba wafu lazima waheshimiwe: wazee waonyeshe makaburi yote, yahamishwe kwa dua na sanda mpya. Wazee wakaonyesha. Sheikh akasoma, mifupa ikahamishwa kwa adabu kweli, nami sina la kulaumu hapo. Lakini walioulizwa ni wanaume, na wanaume walionyesha waliyoyajua. Wanawake walikaa nyuma kwenye mkeka, wakitazama chini. Nilimwona mama akifungua kinywa, bibi akamfinya paja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulifundishwa kwamba asemaye ndiye asiyezaa.

Kisha baba akapata kibarua cha kuchimba msingi wa bweni lile lile. Aliipaka sururu mafuta kama mtu anayekwenda harusini. Jioni, mama alipomwekea ugali wa muhogo, alijaribu kumzuia.

"Baba Somoe, kibarua hicho kiache."

"Nikiache kwa nini?"

"Basi tu. Kaokote korosho zako."

"Korosho ataokota Somoe na wewe. Mimi sasa mtu wa chuo, Mama Somoe."

Alicheka, akamaliza mboga. Mama alikwenda jikoni akalia kwa sauti ya chini, na bibi akawa anamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wewe bado unazaa." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi alikuwa mzazi, ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie vipi.

Siku walipofika kwenye mitopetope, baba alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alisimama mlangoni, vumbi hadi kwenye kope, ameshika kitambaa kidogo kilichooza ambacho ukingo wake mwekundu bado ulionekana.

"Kanga hii nilikununulia mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Mambo haya hamwambiwi, mume wangu."

Mama alianguka chini akalia mbele yake, kilio ambacho alikuwa amekizuia mwaka mzima. Kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye sururu, na baba alikiona wakati udongo umekwisha kupakiwa. Lori lilikuwa limeuchukua kwenda kuziba mashimo ya barabara ya chuo. Alitoka akaifuata barabara ile, akachutama kwenye kila shimo lililozibwa, akichambua udongo kwa vidole. Wanachuo walimsalimu, hakuitikia. Baadaye mama alimfuata na ungo. Wakachutama pamoja, mume na mke, wakipepeta udongo mwekundu hadi jua likazama, na hawakupata kitu ambacho wangeweza kuapa kwamba ni chake. Niliwatazama kutoka kando ya barabara, na moyo wangu ulivunjika siku ile kabla sijajua kwamba moyo huvunjika.

Baba hakurudi tena kazini. Mama hakumwambia mtu mwingine yeyote, na tumbo lake likafunga vilevile.

Siku hizi watu wanazungumzia gesi ya Madimba na bei ya viwanja. Chuo kimekua hadi kijiji chetu kimebaki jina la kituo cha basi tu, na bweni lile limepakwa rangi mpya. Sikatai kwamba kimeleta heri. Watoto wa waokota korosho wamekuwa walimu humo. Binti yangu wa mwisho alipochaguliwa kusoma pale, nilimsindikiza mwenyewe. Barabara imewekwa lami, nyeusi na laini, naye aliburuta sanduku lake katikati kwa maringo. Akageuka akaniuliza kwa nini ninahangaika kupita kando, kwenye majani na miiba, na lami ipo.

"Mjomba wako yumo humu barabarani," nikamwambia. "Sijui ni wapi, na sitaki kumkanyaga."