Mtafiti na Nyuzi Zake

Kila Jumanne mtafiti huingia dukani kwa Sheikha, pale Makadara, na kabla salamu haijaitikiwa huwa kesha kuifungua chupa ya mafuta ya karafuu, anainusa kafumba macho, utadhani karafuu haijawahi kunuswa na mtu mpaka ilipofika puani mwake. Kisha huanza kuhubiri. Mafuta hayo, asema, huyachanganya na protini ya mnyama, akavuta nyuzi nyembamba mno, akapata utando wa kufunikia vidonda. "Unywele mmoja, mama, una unene wa nyuzi zangu mia tano!" Na kidole chake cha shahada humchomachoma Sheikha hewani, kama anayesomesha watoto wa chekechea. Sheikha, aliyepakwa karafuu kwenye ufizi tangu meno yake ya kwanza, hujibu tu, "Ehe."

Jumanne hii alikuja na utando wenyewe ndani ya kisahani, auweke kwenye kidonda cha sukari cha mamake Sheikha, kikongwe asiyepitwa na swala, kidonda ambacho mwezi wa nne huu hakijafunga. Sheikha alishaukunjua mguu wa mamake kutoka kwenye leso. Kwa mara ya kwanza alitaka maneno ya bwana huyu yawe kweli.

"Hiyo protini ni ya mnyama gani?"

Kidole kikashuka. Akakigeuza kisahani huku na huku, akacheka peke yake. "Kopo limeandikwa protini tu, mama."

Sheikha akaufunika mguu. "Uzi usioonekana umeupima," alisema, "mnyama mzima hukumuona?"