Stroberi za Dada Ndani ya Ukoka

Dada alirudi kwetu Chokocho kujifungua mtoto wake wa kwanza, mimba ikiwa ya miezi saba. Ndani ya mkoba, chini ya nguo za mtoto, alikuwa na miche kumi ya stroberi iliyofungwa kwa kitambaa kibichi. Alipewa na mama mkwe wake wa Lushoto, huko milimani ambako watu hushinda na sweta.

"Alinipa huku anacheka," dada alisema. "Ati kwetu zitaungua. Ati pwani hakuoti kitu ila mihogo na karafuu. Akija kwenye arubaini nataka akute tunda. Moja tu, anyamaze."

Nilipanda kama tunavyopanda kila kitu: tuta safi, halina jani hata moja. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Kwa wiki mbili miche sita ikafa, majani yameungua kingo kama karatasi. Wa saba niliutupa karibu na pipa la kutilia udhu nikidhani nao umekufa. Baada ya siku kadhaa nikaukuta umesimama, kijani kabisa, katikati ya ukoka. Nilishtuka. Nikatia kidole chini ya majani: udongo baridi. Nikaenda kugusa wa tuta: wa moto kama wa kando ya jiko. Basi mitatu iliyobaki nikaihamishia kwenye ukoka, nikawa naukata ule ukoka kando ya shina la kila mche tu.

Kipupwe kilipoingia, mche mmoja ukatoa ua, kisha kitunda. Wakati huo dada alishajifungua mtoto wa kike, yuko ndani, hakanyagi uwani mpaka arubaini itimie. Kila nikitoka skuli ananiuliza nyuma ya pazia.

"Enhe, leo kikoje?"

"Kama punje ya njugu."

Siku nyengine: "Na leo?"

"Upande mmoja kishakuwa chekundu."

"Wee! Usikiguse."

Siku moja kabla ya arubaini, shangazi yetu alikuja na wanawake wanne wa jirani kusaidia kuandaa nyumba. Nilitoka jikoni na sinia la vikombe, nikamwona kainama pale kwenye pipa, jembe mkononi.

"Nyumba yangoja mkwe, majani mpaka mlangoni! Mwafuga nyoka nyie?"

Wenziwe wakacheka. Jembe likashuka. Ukoka ukainuka na mizizi yake.

"Shangazi," nikasema.

"Sema basi. Wamung'unya nini?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Skuli mwalimu akiita jina langu huitikia mara tatu ndipo asikie, lakini hapa sikuwa mbele ya mwalimu. Huyu ni shangazi yangu, ananipenda.

"Chai tayari," nikasema.

Akalima mpaka ukutani. Mimi nimesimama na sinia, natazama.

Nilipoingia kwa dada hakungoja niketi.

"Kikoje?"

"Kimeng'olewa. Shangazi kalima uwa wote."

"Nawe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo. Niliona."

Hakunitukana. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akaniwekea mtoto mapajani, akafungua pazia akatoka. Alitoka! Mzazi, siku moja kabla, kichwa wazi, mbele ya wanawake wote. Mmoja alisema "Subhanallah" na fagio likamponyoka. Dada akapiga magoti kwenye lundo la majani, akafukua kwa mikono, huku shangazi anamwuliza kama ana homa. Akarudi na kile kitunda: chekundu upande huu, cheupe upande wa pili, kimejaa mchanga. Akakiosha, akakitia kisahanini, akakifunika kawa.

"Kesho mama mkwe utamwambia wewe," alisema. "Si mimi."

Mama mkwe alifika adhuhuri. Alimpakata mjukuu wake, akala, akanywa, kisha dada akafunua kawa. Bibi yule akakigeuzageuza kile kitunda.

"Kimeota hapa?"

"Hapa hapa uwani," dada akasema.

"Mbona kimechumwa kibichi? Kilitaka siku tatu nne tu." Akatazama nje, udongo mtupu, mistari ya fagio. "Na mche uko wapi? Nani kaung'oa?"

Shangazi aliangalia miguu yake.

"Mimi nilikuwapo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa hata mtoto akashtuka usingizini, nami nikashtuka zaidi yake. "Shangazi hakujua. Mimi ndiye niliyejua, na sikumkataza."

Shangazi alinigeukia, mdomo wazi. "Ndicho ulichokuwa wataka kuniambia jana?"

"Ndicho."

Mama mkwe hakucheka. Alikipasua kitunda kwa ukucha, nusu akampa dada, nusu akala yeye. Akafumba jicho moja kwa ukali.

"Chachu," akasema. "Lakini ni stroberi."